Je, mtu anaweza kuingia mara moja tu kwenye programu zetu zote nne?

"Assalamu alaikum. Sisi ni kituo kidogo cha mafunzo hapa Lamu, mtaa wa Langoni. Tuna walimu na wafanyakazi 9 na wanafunzi kama 40 kila muhula. Tunatumia programu nne za mtandaoni: tovuti ya WordPress, masomo yako Moodle, faili ziko Nextcloud, na kuna programu ya karo ambayo kijana mmoja alituandikia kwa lugha ya PHP. Kila moja ina nywila yake, na nywila za ofisi zimeandikwa kwenye daftari la mapokezi. Muhula uliopita mwalimu mmoja aliacha kazi. Miezi miwili baadaye tukaona bado anaingia kwenye faili zetu. Kijana wetu anasema dawa ni kila mtu awe na nywila moja inayofanana kote, au tunakili jedwali la watumiaji wa Moodle tulipeleke kwenye programu nyingine. Mwengine ametuambia haiwezekani kabisa kwa sababu programu ya karo iko kwenye kikoa tofauti. Mimi nataka mtu aingie mara moja asubuhi na awe ameingia kote. Je, kituo kisicho na fundi wa kudumu kinaliweza hili? Na ufunguo huo mmoja ukiibwa, si tumeibiwa vyote?"

Wa alaikum salaam, mwalimu.

Mnaliweza, na kwa ukubwa wenu si lazima ligharimu pesa nyingi. Ila nimelisoma swali lako mara mbili nikaona yamo mambo mawili. Moja ni uchovu: watu wamechoka kukumbuka nywila nne. La pili umelipitia haraka, nalo ndilo zito: mtu aliondoka na mlango wake ukabaki wazi miezi miwili. Uchovu peke yake una dawa nyepesi. Wapeni watu programu ya kutunza nywila, kama Bitwarden au KeePassXC, lile daftari liondoke mapokezi. Kama nakushauri mjenge mfumo wa kuingia mara moja, ni kwa sababu ya huyo aliyeondoka.

Basi tuanze naye, leo hii. Simtuhumu kwa lolote, lakini ingia Nextcloud kwa akaunti ya msimamizi uizime akaunti yake yote. Usiishie kubadilisha nywila yake tu. Simu au kompyuta iliyounganishwa na Nextcloud hupewa nywila yake ya pembeni, na hiyo inaweza kuendelea kuvuta faili kimyakimya hata mwenyewe haandiki tena kitu. Kisha badilisheni kila nywila iliyomo kwenye daftari, maana alikuwa akiliona kila siku.

Sasa ushauri wa kijana wenu. Nywila moja inayofanana kwenye programu nne si kuingia mara moja. Ni kuchonga funguo nne za aina moja na kuzigawa. Mtu bado ataandika nywila mara nne, na programu dhaifu kuliko zote, ambayo kwa hali yenu nadhani ni ile ya karo, ikivuja siku moja, aliyeiba atakwenda moja kwa moja kujaribu nywila ileile Moodle, Nextcloud na kwenye barua pepe. Wezi wa mtandao hufanya hivyo kwa mashine, maelfu ya majaribio kwa dakika. Kunakili jedwali nako kunazaa nakala nne zinazoachana siku ileile. Leo mtu amebadilisha nywila Moodle, kwengine bado ni ya zamani. Na mfanyakazi akiondoka bado mnatakiwa mkumbuke kumtoa mara nne, jambo ambalo ndilo lililowashinda.

Huyo aliyesema haiwezekani kwa sababu ya kikoa, yaani jina la anwani ya tovuti, ana nusu ya ukweli. Unapoingia kwenye tovuti, tovuti huacha ndani ya kivinjari chako alama ndogo inayoitwa kidakuzi, na kila ukifungua ukurasa kivinjari hukirudisha ili utambulike. Kivinjari hakikubali kidakuzi cha kikoa kimoja kipelekwe kwenye kikoa kingine, na ni heri hivyo, la sivyo tovuti yoyote ya mchezo ungeweza kuiachia alama ya benki yako. Kwa hiyo ni kweli Moodle haiwezi kuipa programu ya karo kidakuzi chake. Alichokosea ni kudhani kwamba njia ni hiyo tu.

Watu wakisikia "kuingia mara moja" huwaza wikio, lile daraja la ghorofani linalovuka ujia kwenda nyumba ya jamaa, ukapita bila kukanyaga barabara. Picha hiyo inapotosha hapa. Programu zako haziunganishwi moja kwa nyingine. Kila moja inabaki nyumba yake, na mlango wake, ila zote zinaacha kuuliza nywila. Kazi ya kuwajua watu anapewa mmoja tu, tumwite bawabu. Nywila inahifadhiwa kwake peke yake. Umeshaliona jambo hili kwenye eCitizen, ambapo kwa akaunti moja unafikia huduma za idara nyingi za serikali.

Tumfuate mwanafunzi wako mmoja. Anafungua Moodle saa mbili asubuhi. Moodle haimjui. Badala ya kumuuliza nywila inakituma kivinjari chake kwa bawabu, na ujumbe umebebwa ndani ya anwani: natoka Moodle, huyu ni nani, ukimaliza mrudishe hapa. Bawabu anamuuliza jina na nywila, kisha tarakimu 6 kutoka kwenye simu yake. Akiridhika, anaacha kidakuzi chake mwenyewe ndani ya kivinjari, chenye maana kwamba huyu nimeshamwona leo, kisha anamrudisha Moodle na msimbo mfupi wa kutumika mara moja. Kanuni za OAuth 2.0 za mwaka 2012, ambazo utaratibu huu umejengwa juu yake, zinashauri msimbo huo usiishi zaidi ya dakika 10. Moodle inaupokea, inazungumza na bawabu seva kwa seva bila kupitia kivinjari, inataja siri yake ili ijulikane ni Moodle kweli, na inapewa tokeni.

Tokeni unaijua tayari, mwalimu, kwa sababu unanunua stima. Mtoto aliye Mombasa anaweza kukununulia, akakutumia zile tarakimu 20 kwa ujumbe wa simu, ukazibonyeza kwenye mita yako Langoni. Mita haimpigii mtu simu. Inazikagua yenyewe na kujua kwamba zimetolewa na mwenye haki ya kutoa, na kwamba ni za mita hii. Ukizipeleka kwa jirani mita yake inazikataa. Ukizibonyeza mara ya pili, yako pia inazikataa. Tokeni ya bawabu ina tabia kama hizo, ila kutumika mara moja tu ni sharti la ule msimbo mfupi. Ndani yake imeandikwa ametajwa nani, nani ameitoa, imetolewa kwa ajili ya programu ipi, na inakwisha saa ngapi. Chini yake kuna sahihi ya kihesabu ambayo bawabu peke yake anaweza kuiweka, ila kila programu inaweza kuihakiki. Tokeni ya Moodle ikipelekwa kwenye programu ya karo lazima ikataliwe. Nasema lazima kwa sababu programu iliyoandikwa kwa haraka mara nyingi huhakiki sahihi na kusahau kuuliza "hii ni yangu?", na hapo mita ya jirani inawaka kwa stima yako.

Nusu saa baadaye mwanafunzi yuleyule anafungua Nextcloud. Safari ni ileile: Nextcloud haimjui, inamtuma kwa bawabu. Safari hii bawabu anakiona kidakuzi chake, hamuulizi kitu, anamrudisha papo hapo na msimbo wa Nextcloud. Kwa macho ya mwanafunzi ukurasa umepepesa kidogo tu, ameingia. Kidakuzi kinachofanya kazi yote hiyo ni cha bawabu, kwenye kikoa cha bawabu, na ndiyo maana programu ya karo inaweza kukaa kwenye kikoa chochote kile. Utaratibu huu unaitwa OpenID Connect, ulikamilishwa mwaka 2014. Ukisikia SAML, ni utaratibu wa kazi hiyohiyo uliotangulia. Toleo la 2.0 ni la 2005 na bado linatumika sana vyuoni. Kwa programu zenu chagueni OpenID Connect.

Nani awe bawabu? Hapa ndipo mtakapotumia akili zaidi kuliko pesa.

Njia ya kwanza ni kila mtu aingie kwa Gmail yake ya nyumbani. Ni rahisi na watu wengi wanayo tayari, lakini kwenu siipendekezi. Gmail ya mwalimu ni mali yake. Akiondoka hamwezi kuizima, kwa hiyo mtarudi kumtoa programu moja moja, palepale mlipoanzia.

Njia ya pili ni akaunti za kituo, kwenye kikoa cha kituo, zinazotunzwa na Google au Microsoft. Google ina toleo la elimu lisilolipiwa kwa taasisi zinazotimiza masharti yake, na wao ndio wanaohangaika usiku na mchana kuuweka mlango wazi na salama. Gharama yake ni kwamba orodha ya watu wenu inakaa kwao, na masharti yakibadilika hamna usemi.

Njia ya tatu ni kuweka bawabu wenu wenyewe, kwa programu huria kama Keycloak au Authentik. Naipenda sana Keycloak na ninaitumia hapa Malindi, lakini kwa kituo kisicho na fundi nitakwambia kweli: kuiweka ni kazi ya siku mbili, kuitunza ni kazi ya kila mwezi. Inataka seva ya kukodi yenye kumbukumbu (RAM) ya kutosha. Mimi nisingeiweka kwenye chini ya GB 2. Inataka masasisho na nakala rudufu, na mtu wa kuamka ikilala. Msiiweke kwenye kompyuta ya ofisini. Stima ikikatika Langoni, mwanafunzi aliye Matondoni hataingia popote, ingawa Moodle yenyewe iko hai.

Kwa hali uliyonieleza, ningeshika njia ya pili. Mkipata fundi mnayeweza kumlipa kila mwezi, njia ya tatu inaweza kuja baadaye. Programu zenu zikishajua kuongea OpenID Connect, kubadilisha bawabu si kubomoa nyumba.

Moodle ina uwezo huu ndani yake tangu toleo la 3.3 la mwaka 2017. Ni kuwasha na kujaza. Nextcloud ina programu yake ya nyongeza kwa kazi hiyo. WordPress itataka programu-jalizi (plugin). Chagueni inayosasishwa mara kwa mara. Kwenye kila moja mtaandika anwani ya kurudi, na lazima ifanane na ile mliyoisajili kwa bawabu herufi kwa herufi. Mkwaju mmoja (/) ukipungua mwishoni, bawabu anakataa. Msilaumu, anafanya kazi yake.

Programu ya karo ndiyo yenye kazi. Mwambieni kijana aufute kabisa ukurasa wake wa nywila na atumie maktaba ya PHP ya OpenID Connect, yaani vipande vya programu vilivyokwisha kuandikwa, inayotunzwa vizuri. Asiandike uhakiki wa sahihi kwa mkono wake, hata akiwa hodari. Na kabla hajagusa kitu, fanyeni jaribio hili: bonyezeni "nimesahau nywila". Ikiwatumia barua pepe yenye nywila yenu ya zamani, basi inahifadhi nywila wazi kama zile za daftari, na hiyo ni sababu tosha ya kuisimamisha mpaka irekebishwe.

Kule kuingia mara moja asubuhi unakokutaka kumebebwa na orodha ya watu, na hapo ndipo wengi wanapoumia. Pwani yetu mtu mmoja ni Mohamed kwenye kitambulisho, Muhammad kwenye cheti na Mohammed kwenye Moodle. Fatma wa fomu ni Fatuma wa karo. Msiunganishe akaunti kwa majina. Unganisheni mwanzoni kwa barua pepe mliyoihakikisha, kisha programu ishike namba ya kudumu ambayo bawabu humpa kila mtu, kwa sababu barua pepe hubadilika na hata kupewa mwengine. Msipofanya hivyo, mwanafunzi ataingia kwa njia mpya, Moodle itamfungulia akaunti mpya tupu, na alama zake za muhula mzima zitabaki kwenye ile ya zamani. Nimeshawaona watu wakilia kwa hilo, na kuzirudisha alama kwa mkono si kazi ya kumtakia mtu. Na "mapokezi" si mtu. Wanaoketi mapokezi kila mmoja awe na akaunti yake.

Nikupe na kosa moja ambalo lilinila siku nzima. Kuna mahali nilipoitwa kwa sababu kila tokeni ilikataliwa, kwa kila mtu, kuanzia alfajiri. Mipangilio yote ilikuwa sawa. Mwishowe nikatazama saa ya seva. Mtu aliona seva iko nyuma ya saa ya ukutani kwa saa 3, akaisogeza mbele kwa mkono. Lakini seva ilikuwa ikihesabu saa ya dunia, nasi Afrika Mashariki tuko saa 3 mbele yake. Haikuwa na kosa lolote. Alipoisogeza, tokeni zinazodumu dakika 60 zikawa zimekufa kabla hazijazaliwa. Acheni seva ilinganishe saa yake kupitia mtandao, na kama mnataka ionyeshe saa ya Kenya, badilisheni ukanda wa saa tu.

Sasa hofu yako ya ufunguo mmoja kuibwa. Ni hofu ya haki, na siifichi: mwizi akiupata anafika kote. Badala yake unapata mlango mmoja unaoweza kuuwekea kitasa cha maana, kuliko milango minne ya makuti. Wekeni hatua ya pili baada ya nywila kwa kila mfanyakazi. Isiwe ujumbe wa SMS, kwa sababu laini ya simu huibwa kwa kudanganya wakala. Tumieni programu ya simu inayotoa tarakimu mpya kila sekunde 30, ambayo hufanya kazi hata mtandao wa simu ukiwa umekatika. Na kwenye kila programu baki na akaunti moja ya msimamizi isiyopitia kwa bawabu, nywila yake ndefu iwe ndani ya bahasha iliyofungwa, kwenye kabati lenye ufunguo. Siku bawabu akikwama, hiyo ndiyo itakayowaingiza.

Linalonitia wasiwasi zaidi kwenu ni chumba cha kompyuta. Mwanafunzi akibonyeza "ondoka" ndani ya Moodle, mara nyingi ametoka Moodle tu; kidakuzi cha bawabu bado kimo kwenye kivinjari. Anayeketi baada yake akibonyeza "ingia" haulizwi kitu, anajikuta kwenye akaunti ya mwenzake. Kwenye kompyuta za pamoja pangeni kivinjari kifute kila kitu kikifungwa, na wafundisheni kukifunga kabla ya kuinuka. Kwa mwalimu mwenye kompyuta yake, siku nzima bila kuulizwa nywila ni sawa. Kwa chumba cha wanafunzi, muda wa kipindi kimoja watosha.

Vilevile ujue kwamba kumzima mtu kwa bawabu kunazuia kuingia upya, lakini kikao alichokwisha kukifungua Moodle kinaweza kuendelea mpaka muda wake uishe. Mtu akiondoka kwa ugomvi, mzimeni kwa bawabu, kisha mkate vikao vyake kwenye programu zenyewe, na Nextcloud isisahaulike kwa sababu ya zile nywila za pembeni nilizokutajia. Na bawabu anasema huyu ni nani tu. Nani aone karo na nani aone masomo, hilo kila programu inaamua. Likagueni kabla ya kufungua.

Yapo ambayo msiyafanye kwa kusoma jibu langu. Kama programu ya karo inapokea malipo yenyewe, au ina taarifa za watoto walio chini ya miaka 18, itazamwe na fundi wa usalama ana kwa ana kabla haijaunganishwa. Na mkiona dalili kwamba yule mwalimu, au mtu yeyote, alichukua taarifa za wanafunzi, msifute kumbukumbu za seva, yaani rekodi za nani aliingia na lini. Zihifadhini na mtafute wakili au mshauri wa faragha siku hiyohiyo: Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 tangu mlipojua, pale penye hatari halisi kwa wenye taarifa.

Mengine yote fundi mmoja anayeijua kazi anaweza kuyamaliza mkiketi naye. Mwiteni wakati wa likizo, muanze na Moodle na watu watano, programu ya karo iwe ya mwisho. Kabla ya kumlipa mwambieni afanye jambo moja mbele yenu: amtengeneze mtumiaji wa majaribio, amwingize kwenye programu zote nne, kisha amzime mahali pamoja na kukata vikao vyake. Halafu wewe mwenyewe, mwalimu, ukae kwenye kiti chake ujaribu kuingia kwa jina hilo, kila programu kwa zamu yake, na kwa simu iliyokuwa imeunganishwa na Nextcloud pia. Ikifunguka hata moja, kazi bado haijaisha.